Jengo letu ni la "nyumba nafuu". Mbona pango linapanda, na mwaka wa 15 maana yake nini?

Swali

Habari za kazi, kaka. Ninaishi Columbus, Ohio, upande wa Northland, kwenye jengo ambalo tulipoingia tuliambiwa ni nyumba nafuu za mpango wa serikali. Nina watoto wawili, nafanya kazi bohari, na kwa mwaka napata kama dola 42,000. Mshahara haujaongezeka hata senti, lakini pango limepanda kwa zaidi ya dola mia moja kwa mwezi. Meneja anasema ni halali kwa sababu "AMI imepanda". Ameongeza kwamba jengo linaingia mwaka wa 15 na huenda likauzwa. Sasa nafuu hii inapimwa vipi? Tutatolewa? Mwezi ujao diwani anakutana na wapangaji: kuna lolote jiji au jimbo linaloweza kufanya?

Jibu

Dada yangu, meneja hajakudanganya, ila amekueleza nusu.

Kwanza tuelewane maneno. Kiswahili chetu kinaita kodi yale unayomlipa mwenye nyumba na yale unayoilipa serikali, na katika habari hii mambo hayo mawili yamefungamana mno. Kwa hiyo hapa nitasema pango kwa la mwenye nyumba, na kodi kwa ya serikali.

Kwa maelezo yako, jengo lenu lina dalili zote za mpango ambao sisi wa kazi hii tunauita "laitek", kutokana na herufi LIHTC, yaani punguzo la kodi kwa nyumba za watu wa kipato cha chini. Ulianzishwa na sheria ya kodi ya mwaka 1986. Serikali ya Marekani haijengi nyumba hizo. Inawapa wawekezaji punguzo la kodi kwa miaka 10, nao wanatoa mtaji wa kujengea. Punguzo linagawiwa na wakala wa nyumba wa kila jimbo. Kwenu ni Ohio Housing Finance Agency. Mwenye jengo kwa upande wake anakubali mambo mawili: kupangisha kwa watu wasiozidi kipato fulani, na kutovuka kiwango fulani cha pango.

Kiwango hicho ndicho kinachowachanganya watu. Wengi wanafikiri pango la laitek ni asilimia 30 ya mshahara wa mpangaji. Sivyo. Ni asilimia 30 ya kipato cha mtu wa kubuni. Chukua namba rahisi. Tuseme kipato cha kati cha eneo, hiyo AMI, ni dola 100,000 kwa familia ya watu wanne. Nyumba ya vyumba viwili vya kulala huhesabiwa kwa mtu mmoja na nusu kila chumba, yaani watu watatu. Kipimo cha watu watatu ni asilimia 90 ya kile cha wanne, kwa hiyo tunapata 90,000. Kama nyumba imewekwa daraja la asilimia 60 ya kipimo hicho, kikomo cha kipato ni 54,000. Asilimia 30 yake ni 16,200 kwa mwaka, sawa na 1,350 kwa mwezi. Hapo ndani kuna umeme, gesi na maji unayolipa mwenyewe. Ikiwa makadirio yake ni 120, mwenye nyumba anaruhusiwa kukutoza 1,230.

Mwaka unaofuata AMI ikipanda asilimia 8, kikomo kinafika 1,458, na ukitoa zile 120 pango linakuwa 1,338. Umepandishiwa dola 108 na hakuna aliyevunja sheria. Wewe wa 42,000 unaingiza 3,500 kwa mwezi kabla ya makato. Mwaka wa kwanza nyumba, pamoja na umeme na maji, ilikula karibu asilimia 39 ya fedha hizo, sasa inakula karibu 42. Kwenye karatasi bado ni "nyumba nafuu".

AMI inapandishwa na nani? Hupimwa kwa eneo zima la jiji na vitongoji vyake, haihesabiwi kwa mtaa. Eneo la Columbus linajumuisha kaunti ya Delaware, miongoni mwa kaunti tajiri kabisa za Ohio. Wahandisi na wanasheria wakihamia huko, kipimo cha pango lako Northland kinapanda nao. Wizara ya nyumba ya taifa, HUD, imeweka breki: kikomo cha kipato hakiwezi kupanda kwa mwaka zaidi ya asilimia 5 au mara mbili ya ongezeko la taifa, chochote kilicho kikubwa, na tangu 2024 hakivuki asilimia 10 kwa vyovyote. Lakini kwa sheria ya mwaka 2008, kikomo cha jengo kikishapanda hakishuki tena hata AMI ikianguka. Ni ngazi ya kupanda tu.

Na kikomo ni dari. Hakuna anayemlazimisha mwenye nyumba kuigusa. Akikuambia "HUD imetupandishia pango", mwambie HUD imemruhusu tu. Aliyeamua ni yeye.

Kabla hujasaini mkataba mpya, omba karatasi ya makadirio ya umeme na maji, na utazame tarehe yake. Inatakiwa isahihishwe kila mwaka. Nimewahi kukagua mafaili ya jengo moja ambapo karatasi hiyo ilikuwa imepitwa na miaka miwili. Gesi ilikuwa imepanda, makadirio yamelala palepale, na kila mpangaji alikuwa akitozwa zaidi ya dari bila mtu kujua. Pango lilibidi lishushwe. Tazama pia ada ndogondogo: ada yoyote ya lazima, ambayo huwezi kupewa nyumba bila kuilipa, inahesabiwa ndani ya pango. Ukiona maegesho ya lazima ya dola 40 juu ya pango lililokwisha kufika darini, hapo una hoja. Peleka kwa wakala wa jimbo, kitengo cha ukaguzi, kwa maandishi.

Kuna pia vocha ya serikali ya kusaidia pango, hii Seksheni 8 inayojulikana. Mwenye vocha ndiye anayelipa takriban asilimia 30 ya kipato chake mwenyewe, na vocha inafidia kilichobaki. Kwa mshahara wako ingekuwa kama dola 1,050. Jengo la laitek haliruhusiwi kumkataa mtu kwa sababu ana vocha, na tangu 2021 jiji la Columbus limepiga marufuku ubaguzi huo kwa wenye nyumba wengine pia. Tabu ni kuipata: ni kama kaya 1 tu katika kila 4 zinazostahili msaada wa pango wa serikali kuu ndiyo inayoupata. Foleni ikifunguliwa, jiandikishe siku hiyohiyo.

Halafu, usikatae ovataimu kwa hofu ya kufukuzwa. Kipato kikipanda baada ya kuingia, hiyo si sababu ya kukutoa kwenye nyumba ya laitek.

Sasa mwaka wa 15. Mwekezaji hufaidi punguzo la kodi kwa miaka 10, lakini serikali inaweza kumdai arudishe kama masharti yamevunjwa ndani ya miaka 15. Ukipita mwaka huo hana tena anachokiogopa, kwa hiyo huondoka. Ndiyo maana majengo haya huuzwa wakati huo. Kuuzwa hakufuti masharti. Majengo ya kuanzia 1990 yana sharti la miaka 30 kwa uchache, lililosajiliwa kwenye hati ya ardhi, na mnunuzi analirithi. Katika muda wote huo mpangaji hawezi kutolewa wala kunyimwa kuongezewa mkataba bila sababu ya msingi, kama kutolipa pango au kuvunja masharti ya mkataba.

Lakini kuna mlango wa uani. Baada ya mwaka wa 14 mwenye jengo anaweza kumwomba wakala wa jimbo amtafutie mnunuzi atakayedumisha nafuu, kwa bei inayotoka kwenye kanuni ya sheria. Wakala anapewa mwaka mmoja. Mara nyingi bei hiyo huwa kubwa kuliko thamani ya jengo sokoni, wanunuzi wanakimbia, mwaka unakwisha na masharti yanafutika nusu ya safari. Wapangaji waliomo wanalindwa kwa miaka 3 zaidi, wasitolewe bila sababu wala wasipandishiwe pango kupita kikomo. Baada ya hapo ni soko huria. Majimbo mengi sasa yanamtaka mjenzi asaini kuwa ameiacha haki hiyo tangu siku anapoomba punguzo. California imekwenda mbali zaidi na kudai miaka 55.

Kwa hiyo, dada, usiishie kumuuliza meneja. Ofisi ya msajili wa hati ya kaunti ya Franklin inaweka nyaraka zake mtandaoni. Tafuta jengo kwa jina la mmiliki, fungua hati ya masharti, na usome vitu vitatu: mwaka ulioanza, miaka mingapi, na kama mmiliki ameacha ile haki ya mwaka wa 14. Andika tarehe hizo kwenye karatasi. Kati ya vyote utakavyopeleka kwenye kikao, hiyo itakuwa na uzito kuliko malalamiko.

Ukifika kwa diwani, usipoteze dakika kumwomba jiji liweke kikomo cha pango. Hana uwezo huo. Mwaka 2022 bunge la Ohio lilipitisha sheria inayozuia miji na kaunti kudhibiti pango, na majimbo zaidi ya 30 yana katazo la namna hiyo. Oregon na California zilipitisha vikomo vya jimbo zima mwaka 2019. Lakini cha California hakigusi nyumba kama yenu, kwa hoja kwamba zina dari yake tayari. Mpangaji wa jengo la kawaida akawa na kinga ambayo wa "nyumba nafuu" hakuipata!

Jiji lina fedha, ardhi na kanuni za ujenzi. Mwaka 2022 wapiga kura wa Columbus waliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa nyumba nafuu. Julai 2024 halmashauri ilibadilisha kanuni za ujenzi kwenye barabara kuu ili majengo marefu yaruhusiwe na sharti la maegesho liondolewe. Hilo naliunga mkono: pasipojengwa, watu hugombea nyumba zilezile. Ila ni dawa ya jiji na inachukua miaka. Haikubakizi wewe kwenye nyumba yako sasa.

Mimi fedha zile za mkopo ningezibana zaidi. Kila jengo linalopewa dola ya jiji au msamaha wa kodi ya majengo, liulizwe: nafuu ni ya miaka mingapi, na likiuzwa nani ananunua kwanza? Jiji la Washington, tangu 1980, linawapa wapangaji nafasi ya kwanza ya kununua jengo lao linapouzwa, na mara nyingi wapangaji huikabidhi nafasi hiyo kwa shirika lisilo la faida linalobaki nao. Sheria ya laitek yenyewe inaruhusu shirika la namna hiyo au wapangaji wenyewe kupewa haki ya kwanza, kwa bei ya chini inayolipia madeni na kodi tu. Kama haki hiyo imeandikwa kwenye mikataba ya jengo lenu, mwaka wa 15 ndio wakati wake. Cleveland, hapohapo Ohio, kuna shirika ambalo kwa miongo kadhaa limekuwa likiwapangisha watu nyumba za laitek zinazojitegemea, halafu baada ya miaka 15 linawauzia.

Iko pia amana ya ardhi ya jamii. Unanunua nyumba, ardhi inabaki ya amana, unaikodi kwa miaka 99. Ukiuza, faida mnagawana. Burlington, Vermont, ambako amana ya jiji hilo ilianza 1984, muuzaji hupata robo ya ongezeko la thamani pamoja na sehemu ya mkopo aliyokwisha kulipa. Thamani ikipanda dola 80,000, wewe unachukua 20,000 na anayekufuata naye anakuta bei anayoimudu. Wapo wanaoona hiyo ni dhuluma kwa maskini, eti jirani aliyenunua kawaida anabeba zote 80,000. Hoja ina uzito. Lakini jirani huyo alianza na bei ambayo wewe na mimi hatungeifikia. Columbus ina amana yake, Central Ohio Community Land Trust, iliyoundwa kwa ushirikiano na benki ya ardhi ya kaunti. Kwa kipato chako ningewapigia simu kabla ya kusaini mkataba mwingine wa mwaka mzima, na kwenye kikao ningemuuliza diwani ni nyumba ngapi za amana hiyo zitajengwa Northland.