Kaa aliyeingia katika kitabu cha falsafa

Kila nikivuka kwenda Pemba hapakosi mtu wa kuniuliza, "Maalim, hivi wewe hasa unaandika nini?" Namfahamu. Kitabu changu cha mwanzo kilihusu falsafa ya sanaa: uzuri ni nini, na milango ya Mji Mkongwe inatwambia nini. Cha pili ni cha watoto watatu walioondoka na ngalawa ya ami yao bila ya ruhusa wakaenda kisiwa cha Misali, karibu na Pemba. Na vijana wanaotaka kuandika huniletea suali hilo hilo kwa sura nyengine: nishike fani moja nikae nayo, au niandike kila linalonijia?

Andika kila linalokujia, lakini chunguza kama chini yake hakuna suali moja. Mimi langu ni hili: kwa nini mtu hutazama kitu akaona zaidi ya kile kitu? Tazama mlango wa zamani pale Mji Mkongwe. Pembeni pamechongwa mnyororo. Mnyororo wa mti haufungi chochote, na mwenye nyumba aliulipia. Sasa njoo Misali. Wazee wa Pemba husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika pale, akaomba msala, yaani mkeka wa kusalia, ukakosekana. Akasema kisiwa chenyewe kimeelekea kibla, basi hicho ndicho msala. Wengine waliona mawe na kichaka, yeye akaona pa kusujudia. Mlango nikautia katika kitabu cha watu wazima, kisiwa nikawapa watoto. Hakuna mtoto aliyelikuta neno falsafa mle ndani, wala hakulihitaji.

Kile cha falsafa nilikiandika kwa miezi minane, na rasimu ya kwanza ilikuwa mbaya. Niliijaza Wagiriki. Plato aliwataka washairi watoke katika mji wake wa kufikirika, Aristotle akaja na hoja za kuwatetea. Ni mambo ya maana, lakini mle ndani walikaa kama wageni wa harusi wasiomjua bibi harusi. Jirani yangu fundi wa milango nilimpa sura ya kwanza. Akairudisha baada ya siku mbili, akaniambia, "Umeandika fundi huku, msanii kule. Nani aliyetutenga?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kulitazama neno sanaa lilikotoka, nikakuta kwa Kiarabu asili yake ni kazi ya mkono, ufundi. Yaani lugha ilikwisha kulijibu suali langu kabla sijazaliwa. Sura tatu nikazitupa. Kwa hiyo ukiandika mambo mazito, mtafute anayeyafanya kwa mikono umpe asome kabla ya kumpa mwenye shahada.

Cha watoto kilinichukua miaka mitatu. Watu hucheka nikisema hivyo. Nilikwenda Wesha, kule Pemba, na karatasi zangu, nikakaa barazani na watoto wa pale, nikaanza, "Paukwa!" Wakaitikia "Pakawa!" kwa kelele, nikajiona nimeshinda. Nikasoma mpaka pale ngalawa inaporudi kutoka Misali, mwezi wa saba, inasukumwa na upepo wa kaskazi. Mtoto wa kike, hata miaka kumi hajafika, akanikatiza: "Maalim, mwezi wa saba ni kusi. Hiyo kaskazi umeitoa wapi?" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi mtoto wa Pemba, najua vizuri kwamba kaskazi ni ya mwisho wa mwaka mpaka mwezi wa tatu hivi. Nilikuwa nimeuhitaji tu ule upepo kwa ajili ya hadithi. Ilibidi niivunje safari yote. Ngalawa ikachelewa kwa sababu maji yamekupwa, watoto wakalala kisiwani, na usiku ule ndio ulionipa sura nzuri kuliko zote: yule kaa mkubwa apandaye minazi, wanamsikia anakwaruza gizani wakidhani ni jini. Bila ya kusahihishwa na yule mtoto nisingempata.

Msomaji mzima akikuta kosa hunyamaza kwa heshima. Mtoto hana heshima hiyo, basi mtangulize yeye.

Kuhusu jina, na hapa naona haya kidogo. Nilitaka kitabu cha watoto kitoke kwa jina la bandia, nikihofia wenzangu wa skuli watasema Maalim ameishiwa. Nikamkumbuka Shaaban Robert. Alikuwa karani wa forodha, akaandika tenzi, insha, riwaya, hata wasifu wa Siti binti Saad wetu wa Fumba, na kote huko jina lake ni lile lile. Sijilinganishi naye, nisije nikachekwa na Wesha nzima. Lakini kama yeye hakujificha, mimi najificha nini?

La uchapaji ni la hesabu. Karatasi kubwa moja hukunjwa ikatoa kurasa 16, kwa hiyo kitabu kizuri kwa mfuko wako ni cha kurasa 64, 96, 128. Changu cha falsafa kilifika 130, na kurasa mbili zile zingenilipisha mkunjo mzima. Nikaondoa shukrani kwa jamaa wa mbali. Wamenuna mpaka leo.

Kisha nikafanya kosa la pili: nikapeleka vitabu vyote viwili kwa mchapaji mmoja, wakati mmoja, kwa ukubwa mmoja wa karatasi. Kwenye nakala kadhaa za falsafa wakatia mkunjo wa kurasa 33 hadi 48 wa kitabu cha watoto. Namba zikafuatana, hakuna aliyeshtuka. Ukurasa wa 32 Plato anawafukuza washairi, wa 33 kaa anapanda mnazi. Ukipeleka vitabu pamoja, basi viwe vya vipimo tofauti, na kabla ya kulipa fungua nakala moja katika kila kifurushi.

Nilijua baada ya kupigiwa simu na mzee mmoja wa Wete, msomaji hodari. Alizungumza kwa adabu sana. Alisema kitabu kizito, lakini pale nilipoleta mfano wa kaa alifuatana nami vizuri, ila nimeuachia njiani. "Hebu nambie, yule kijana alikatwa kidole au hakukatwa?"

Nilimpelekea kitabu cha watoto kwa boti ya siku ya pili. Nakala zenye kaa zilizorudi kwangu ni nne. Mjukuu wangu ameomba moja, nami bado namzungusha.