Mume wangu kanogewa na ndoano

SWALI: Shikamoo babu. Mi nipo Gungu hapa Kigoma mjini, mume wangu kila Jumapili alfajiri anachukua mshipi na ndoano anaenda kukaa mwambani kule Katonga mpaka jioni, siku nyingine analeta samaki wawili siku nyingine mikono mitupu na anacheka tu! Sa samaki migebuka si ipo sokoni Kibirizi inauzwa? Juzi kanionyesha kwenye simu wazungu wamesimama mtoni maji ya kiunoni wanarusha manyoya, wakipata samaki wanamrudisha. Huu si wazimu babu?
Mke wa mvuvi wa Jumapili

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza ushukuru, mwanaume anaerudi mikono mitupu anacheka hakua baa.

Hao wa kwenye simu wanavua kwa nzi wa bandia, kandoano kadogo kamefungwa uzi na manyoya kafanane na mdudu anaeliwa na samaki wa mto ule kwa muda ule, na kwa vile nzi hana uzito kinachorushwa hasa ni mshipi wenyewe, ndo mzito, ndo maana unaona wanaupeleka nyuma mbele hewani. Usidhani ni mambo ya Ulaya tu. Marehemu mjomba wangu wa Ujiji alikua anang'oa unyoya mweupe wa kuku anaufunga kwenye ndoano kwa uzi wa cherehani, akiushusha majini anauvutavuta hivi, mgebuka anajua dagaa huyo. Shangazi alikua anahesabu kuku kila asubuhi haha.

Ila mi alienikalisha chini ni kuhe, samaki wa ziwa letu hili la Tanganyika. Kuhe dume na jike wanalinda watoto pamoja, unaona kawingu ka visamaki kanaelea karibu na mchanga na wazazi pembeni, ukipitisha ndoano pale anaivamia sio kwa njaa, anaifukuza. Nlimtoa mmoja hivo nikiwa kijana, mkubwa, nikafurahi weee, kuja kuangalia chini, na maji yetu unayajua yalivyo meupe, samaki wengine washaingia wanadonoa vile vitoto na yule aliebaki anakimbia huku na huku peke yake. Sikumla kwa raha. Siku hizi nikiona kawingu kale nahamisha mshipi, kwa hiyo hao wanaorudisha samaki nawaelewa kiasi, ingawa mgebuka simrudishi hata kwa dawa.

Sa la kwako. Upepo ukianza kupiga ashuke mwambani, asibishane na ziwa. Na ziwa likifungwa watu wasivue, kama 2024, 15 Mei mpaka 15 Agosti, aulize kwanza kwa maafisa uvuvi asijifanye mjanja. Af Jumapili hii mfuate, beba mihogo ya kuchemsha na chai kwenye chupa, kaa pembeni yake na habari za ada ya shule uziache nyumbani. Akikupa mshipi uache upite juu ya kidole, utasikia kama mtoto anagonga mlango anaogopa. Usivute, ngoja agonge tena. Uniandikie imekuaje.