Usingoje Kundi: Peke Yangu kwa Baiskeli Kutoka Cumberland Hadi Pittsburgh

Wiki iliyopita dada mmoja anayeishi Columbus, Ohio, aliniandikia ujumbe. Baiskeli anayo tangu mwaka jana na hamu ya safari ndefu anayo, ila anangoja wenzake wapate nafasi. "Dada, wewe ujasiri wa kwenda peke yako uliutoa wapi?" Nilimjibu kwa kifupi, lakini swali lake limenikaa moyoni, maana hata mimi nimengojeshwa sana.

Safari hii tuliipanga kundi zima hapa Pittsburgh. Tarehe ikapatikana, vyakula vya kubeba vikajadiliwa hadi usiku. Kisha mmoja akapata zamu kazini, mwingine akapata wageni, wengine wakanyamaza tu. Hilo ningelivumilia. Kilichoniuma ni maneno yaliyofuata niliposema kwamba mimi naenda: eti nimevuka bahari nije kuendesha baiskeli kama mchuuzi wa mkaa, eti mama wa watoto anatafuta nini porini peke yake. Niliyameza, lakini sijayasahau.

Mimi ni mtoto wa Tabora. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, na ni baiskeli yake iliyotufikisha kliniki, sokoni na shuleni. Anayeniambia baiskeli ni alama ya umaskini ananitukania nyumba niliyolelewa.

Njia yenyewe inaitwa Great Allegheny Passage. Ni tuta la reli ya zamani, maili 150, yaani kama kilomita 240, kutoka Cumberland katika jimbo la Maryland hadi Pittsburgh, Pennsylvania. Sehemu ya milimani ilikuwa ya kampuni ya Western Maryland, iliyoifungua mwaka 1912, mwaka uleule Reli ya Kati ilipofika Tabora. Treni zilikoma kupita huko mwaka 1975, vyuma vikang'olewa, na tuta likamwagiwa mawe ya chokaa yaliyosagwa. Vipande viliunganishwa kimoja kimoja mpaka njia ikakamilika mwaka 2013. Sehemu kubwa ya njia hukutani na gari kabisa. Na kwa kuwa treni haiwezi kupanda mwinuko mkali, wajenzi walitoboa milima na kuvusha madaraja juu ya mabonde. Jasho lao ndilo linalotupunguzia jasho sisi wa leo.

Nilipanda treni ya Amtrak hapa Pittsburgh giza likiwa bado halijaisha, baiskeli ikiwa imekatiwa nafasi yake mapema, nikashukia Cumberland. Nawashauri nanyi muanzie huko. Maili 24 za kwanza ni kupanda tu, kisha mteremko mpole unakusindikiza karibu njia yote hadi Pittsburgh. Bora ukutane na mlima ukiwa na nguvu.

Mwinuko wenyewe haufiki asilimia mbili, lakini haukupi mahali pa kuacha kupiga pedeli. Nilipopita Frostburg, mapaja yalikuwa yanawaka. Mbele yake kuna handaki la Borden, halina taa. Niliingia nikisikia maji yakidondoka na pumzi zangu mwenyewe, na hofu ikanishika kweli. Niliwasha taa ya mbele, nikamwita Mungu, nikatoka upande wa pili. Kama hamjawahi kusikia moyo wenu ukipiga ndani ya mlima, siwezi kuwaeleza.

Kisha nikafika mstari wa Mason na Dixon, mpaka wa Maryland na Pennsylvania. Zamani upande niliotoka ulikuwa wa majimbo ya utumwa, na ule niliokuwa nauendea ulikuwa wa majimbo yaliyoufuta. Nilishuka, nikavuka kwa miguu, baiskeli mkononi. Watu weusi walivuka mstari huo wakikimbia, mbwa nyuma yao. Mimi nilivuka na maji ya kunywa na chapati kwenye mkoba.

Baada ya hapo ni handaki la Big Savage, karibu kilomita nzima, lina taa na baridi kali, halafu kilele chenyewe, mita 729 juu ya usawa wa bahari. Mvua ikinyesha upande mmoja wa kilele, maji yake huishia Atlantiki. Ikinyesha upande wa pili, yanaelekea Ghuba ya Meksiko. Nilipiga vigelegele peke yangu, nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi. Waliojibu ni wachache. Sawa.

Pale Meyersdale, stesheni ya zamani imekuwa makumbusho. Mzee mmoja pale aliniambia baba yake alifanya kazi kwenye reli hii. Nikamwambia na wangu pia, Tabora. Tukakaa tukizungumza habari za mataruma na filimbi hadi nikachelewa chakula. Nani angenipa mazungumzo yale kama ningekuwa nimezungukwa na kelele za kundi?

Daraja la Salisbury, juu ya bonde la mto Casselman, na maporomoko ya Ohiopyle mtayaona wenyewe. Kutoka Connellsville ni tambarare, sina la kusimulia.

Ndugu zangu, acheni kungoja. Anayekupenda atakuombea safari njema hata kama hawezi kuja, na anayekucheka atakucheka hata ukibaki nyumbani. Jiandae, uende. Beba tyubu ya akiba, pampu na spana, na ujifunze kuziba pancha kabla ya kuondoka, kwa sababu huko fundi hayupo kila mahali. Taa, hata ukisafiri mchana. Tairi zisiwe nyembamba, maana chokaa ikilowa inazivuta. Mpe mtu mmoja unayemwamini ratiba ya kila unapolala, kwani milimani simu hukosa mtandao. Maji, maji, maji. Na usiende majira ya baridi: handaki la Big Savage hufungwa milango kuanzia Desemba hivi hadi mwanzoni mwa Aprili ili barafu isiliharibu.

Mdogo wangu wa Columbus, mwezi Mei nashuka tena Cumberland, safari hii kufuata njia ya mfereji wa zamani wa Chesapeake na Ohio hadi Washington, maili 184 na nusu. Siulizi nani anakuja. Ukinikuta stesheni na baiskeli yako, tutaondoka pamoja saa mbili asubuhi.