Maswali yenu: Kusifu uzuri kwa Kihispania cha mtaani

Chini ya picha ya dada mmoja watu wameandika "está buenísima". Kamusi yangu inasema "bueno" ni mwema. Wanasifu tabia yake?

Tabia haimo kabisa. Tazama kitenzi. Kihispania kina "ser" na "estar", na vyote viwili kwa Kiswahili ni "kuwa". "Ana es buena", kwa "ser": Ana ni mtu mwema. "Ana está buena", kwa "estar": Ana ana umbo la kutamanisha. Ndivyo wasemavyo hata kwa chakula, kwani "la sopa está buena" ni supu tamu. Kwa hiyo ni kauli ya marafiki wanapomzungumzia mtu asiyekuwepo. Kumwambia mwenyewe ana kwa ana ni utovu wa adabu, labda kama mmezoeana sana. Mwanamume naye huwa "está bueno". Ukitaka kusifu moyo wa mtu bila kuteleza, sema "es muy buena persona".

Karibu na hapo kuna mtego mwingine, "caliente". Anayesema "estoy caliente" akidhani analalamikia joto amewatangazia wenzake kwamba ashiki zimempanda. Joto ni "tengo calor".

Nimesikia "bombón" akiitwa msichana. Je, mwisho wa neno ubadilike kuwa wa kike?

Usiuguse! "Bombón" ni chokoleti ndogo, mara nyingi yenye kitu ndani, na neno hubaki la kiume hata likimhusu mwanamke: "María es un bombón". Mkazo uko kwenye silabi ya mwisho. Ukilazimisha "bombona", umemwita mtungi wa gesi.

Vyakula vingine hufuata kanuni hiyohiyo: "es un mango" (embe), "es un bizcocho" (keki), awe kaka au dada. Wahispania wana pia "está como un queso", yaani yuko kama jibini, na "está como un tren", kama treni; zote mbili ni sifa. Ukiona kiambishi "-azo", kama katika "mangazo", sifa imeongezwa chumvi.

Neno nililojifunza kwa rafiki wa Mexico linafaa Argentina au Dominika?

Hapa ndipo wengi huumia. Mexico "es un cuero" ni kusema fulani ni mzuri kupindukia. Katika Jamhuri ya Dominika "cuero" ni malaya. Mexico hiyohiyo "forro" ni mrembo, lakini Argentina ni kondomu, na kwa mtu ni tusi zito. "Mango" nako Argentina ni peso: asemaye "no tengo un mango" hana hata senti. "Churro" ni kijana mtanashati Colombia na Peru. Hispania ni kitafunwa cha unga kilichokaangwa, na pia kazi iliyolipuliwa.

"Chulo" ndilo la kuchunga zaidi, kwa sababu nyimbo zimelieneza. Mexico "chula" ni neno tamu hata kwa mtoto. Hispania kitu kikiwa "chulo" kinapendeza, ila mtu akiitwa hivyo anaambiwa ana majivuno, na "un chulo" ni mwanamume anayeishi kwa jasho la makahaba. "Mono" Hispania ni mtu au kitu cha kupendeza, Colombia ni mwenye nywele za rangi ya dhahabu, na kote ni nyani pia.

Basi lipi ni salama?

"Guapo" na "guapa", "lindo" na "linda", yaani mtanashati au mrembo. Maneno haya hubadilika kufuata jinsia. Angalia tena kitenzi: "eres guapa", kwa "ser", ni kusema wewe ni mrembo siku zote, "¡qué guapa estás!", kwa "estar", ni kusema leo umependeza, na hiyo ndiyo inayomfaa mwenzako wa kazini aliyevaa vizuri. Amerika ya Kusini "guapo" huweza pia kumaanisha jasiri au mgomvi, lakini sentensi yenyewe itakuonyesha.

Kumrushia mpita njia sifa, kile wanachokiita "piropo", tunakushauri uache. Peru ilipitisha sheria dhidi ya usumbufu wa kingono hadharani mwaka 2015, na Hispania mwaka 2022 iliyafanya maneno ya kingono yanayomdhalilisha mtu kuwa kosa la jinai.

"Mamacita" je?

Ni kumwita mwanamke mrembo kwa mahaba. Kwa mpenzi wako, sawa. Kwa usiyemjua, hapana. "Papacito", kwa mwanamume, vivyo hivyo.

Muuza matunda Hispania kaniita "guapa". Ananitongoza?

Hata kidogo. Huko wauzaji humwita hivyo kila mteja, bibi kwa mjukuu, na wengine husema "cariño" (mpenzi) au "reina" (malkia). Jibu "gracias" (asante) kisha taja kilo unazotaka.