Swali la lugha: "Mafuta yanayoua mafuta"

SWALI: Nafasiri makala za afya. Nimepewa makala inayosema kuna viambato vya jamii ya mafuta, vitokanavyo na mimea, ambavyo hufanya seli zinazohifadhi mafuta mwilini zife. Niliandika: "Mafuta ya mimea huua mafuta ya mwilini." Mhariri amebadilisha ikawa: "Lipidi za mimea huyeyusha seli za mafuta." Ipi sahihi?

JIBU: Ndugu mfasiri, kila moja ina kosa lake, na yote mawili yanaweza kumponza msomaji.

Tuanze na "mafuta". Neno hili tumelitwisha mengi: kuna mafuta ya kupikia, ya taa, ya kupaka, ya gari, ya kwenye nyama, na hata yale ya makonyo ya karafuu yanayokenekwa Pemba, ambayo kikemia si jamii moja na samli. Kwenye mazungumzo hatupati tabu, maana muktadha unaamua. Sentensi yako lakini imeyakutanisha mafuta mawili, yote ya ngeli moja, tena "mafuta ya mimea" kwa msomaji wa kawaida ni chupa ya alizeti iliyoko jikoni kwake. Atakachoelewa ni kwamba akizidisha alizeti kitambi kitaisha. Hapo mhariri wako amepatia: kinachotenda kiitwe "lipidi", yaani jina la kitaalamu la viambato vya jamii ya mafuta, na mafuta yabaki kuwa jina la kile kilichohifadhiwa mwilini. Ukipenda "viambato vya lipidi", basi upatanisho ufuate viambato hadi mwisho wa sentensi: viambato vya lipidi vinavyotokana na mimea, si "zinazotokana".

Wapo watakaokushauri uandike "seli za shahamu". Shahamu ni neno zuri na ni sahihi, ila wasomaji wengi wa leo watalazimika kulitafuta kwenye kamusi. "Seli za mafuta" inatosha. Usiandike "lehemu", maana waandishi wa afya Tanzania wamekwisha kulitumia kwa maana ya kolesteroli.

Sasa kitenzi, na hapa ndipo penye kazi. Kinachoyeyuka ni barafu, samli au risasi: kitu kigumu kinageuka kimiminika. Seli haiyeyuki. "Kuyeyusha mafuta" tumelipata kwenye matangazo ya dawa za kupunguza unene, na limezoeleka kiasi kwamba hata mhariri makini hulipitisha. Ni neno linalouza bila kueleza kinachotokea.

Seli inaweza kufa kwa njia zaidi ya moja, na Kiswahili kinaweza kuzitenganisha. Chukua mfano wa sindano za fosfatidilikolini, lipidi itokanayo na soya, zilizokuwa zikidungwa ili kuondoa mafuta sehemu moja moja ya mwili. Dawa hiyo ilichanganywa na chumvi ya asidi ya nyongo ili iweze kuchanganyika na maji. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba aliyekuwa akifanya kazi kubwa ni ile chumvi ya nyongo, si lipidi ya soya: inavuruga utando wa seli kama sabuni inavyovuruga mafuta kwenye sahani. Mwaka 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilizionya kampuni na kliniki zilizokuwa zikizinadi sindano hizo, na mwaka 2015 ikaidhinisha asidi ya nyongo peke yake kwa mafuta ya chini ya kidevu. Kwa kifo cha namna hiyo kitenzi ni "kupasua": asidi inapasua seli, na seli inapasuka.

Makala yako, kwa jinsi ulivyoieleza, inahusu kifo cha aina nyingine. Seli inapata ishara, inajivunja yenyewe ndani kwa ndani kwa utaratibu, na masalia yake yanaondolewa. Watafiti Kerr, Wyllie na Currie walipokipa kifo hicho jina la "apoptosis" mwaka 1972 walichukua neno la Kigiriki linalohusu majani kuanguka mtini. Sisi tunalo "kupukutika", na mimi binafsi nalipenda sana. Ningelitumia kwenye kitabu cha biolojia bila kusita. Kwenye makala ya afya, msomaji atafikiria nywele. Hapo ningechagua "kujifia". Mbuzi aliyekufa bila kuchinjwa tunasema amejifia, hatusemi amejiua. Tofauti hiyo ndiyo unayoihitaji: "kujiua" inabeba nia, na seli haina nia. Mbele yake weka "kuchochea", kwa kuwa lipidi inaanzisha tu jambo ambalo seli yenyewe inalimaliza. Ndiyo maana "huua" yako nayo haikukaa vizuri.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona zito kuliko yote: kile kiambishi "hu-". Jua huchomoza mashariki. Jogoo huwika alfajiri. "Hu-" ni ya mambo yaliyozoeleka, yasiyo na ubishi. Ukiandika "huua" umemwahidi msomaji kwamba akila atapona. Chukua gugulisteroni, lipidi kutoka kwenye utomvu wa mti wa India wa jenasi moja na mmanemane. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, waliripoti kwamba ilichochea seli za mafuta zijifie. Seli hizo zilikuwa za panya, zikioteshwa maabara. Kutoka pale hadi tumboni mwa mtu ni safari ndefu, na Kiswahili kinaweza kuionyesha kwa "-li-", au kwa "zimeonekana ku-". Angalia makala yako inasema jaribio lilifanyika kwenye nini, kisha uliandike hilo ndani ya sentensi yenyewe, usilitupe aya ya nane.

Jihadhari pia na "kupungua". Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kwa mtu mzima idadi ya seli za mafuta haibadiliki sana. Takriban asilimia 10 hubadilishwa kila mwaka, zinazokufa zikifidiwa na mpya. Mtu akikonda, seli zake zinanywea, hazipungui idadi. Kwa hiyo "seli zimepungua" na "seli zimenywea" ni habari mbili tofauti, na makala yako bila shaka itazigusa zote.

Kama jaribio lako nalo ni la maabara, ningeandika hivi: "Katika maabara, baadhi ya lipidi zitokanazo na mimea zimeonekana kuchochea seli za mafuta zijifie." Ni ndefu kuliko ya mhariri wako. Akilalamikia nafasi, akate "zitokanazo na" aweke "za", lakini asiguse "katika maabara" wala "baadhi".