Miftakhov hakulipua ofisi ya FSB

Wapo wanaodai kuwa Miftakhov ndiye aliyelipua ofisi ya FSB, idara ya usalama ya Urusi, mjini Arkhangelsk Oktoba 2018. Hapana, bomu hilo lilikuwa la Mikhail Zhlobitsky, na alifia palepale. Azat Miftakhov, mwanaanakia (mtu anayepinga mamlaka ya dola) aliyekuwa akisomea hisabati Chuo Kikuu cha Moscow, alifungwa miaka 6 Januari 2021 kwa dirisha lililovunjwa na kifaa cha moshi kilichorushwa kwenye ofisi ya chama tawala mwaka 2018. Alikana tangu mwanzo. Shahidi wa siri alidai kumtambua kwa nyusi zake, nyusi jamani!

Watu huchanganya kwa sababu ya kesi ya pili: Septemba 2023 alikamatwa akitoka tu gerezani, akidaiwa kumsifu Zhlobitsky mbele ya wafungwa wenzake wakitazama televisheni. Machi 2024 akaongezwa miaka 4.