Mpira wa blowofu kwenye Forester ya turbo uchomekwe wapi?

Kaka, mpira huo mdogo wa juu ya blowofu (valvu inayoachia presha ya turbo ukitoa mguu kwenye mafuta) uchomeke kwenye manifoldi ya hewa, yaani baada ya kipepeo cha throto, kile kinachofungulia injini hewa ukikanyaga mafuta. Fundi wako kauchukua kwenye bomba la kutoka turbo, kabla ya throto, ndiyo maana blowofu haifunguki. Ukiachia mafuta, pale presha bado ipo, kwa hiyo juu na chini ya valvu kunasukumwa sawasawa na springi inaifunga. Kwenye manifoldi kipepeo kikifunga tu kunabaki mvuto, nao ndio unaoinua valvu.

Kupata tundu sahihi ni rahisi: washa gari, liache sailensa (lingurume bila kukanyaga mafuta), chomoa mpira, weka kidole. Kidole kikivutwa, ndipo hapo. Ukiliziba tena na sailensa ikatulia, umepatia.

Upe mpira wake peke yake, mfupi. Usiugawe kwa T na ule wa regyuleta ya mafuta, inayopanga presha ya petroli; ukivuja, presha ya mafuta nayo inaharibika, na injini ya turbo ikikosa mafuta inapoongeza nguvu, pistoni zinaungua. Hilo naliogopa kweli.

Halafu ile blowofu ya kutoa hewa nje, nakuomba uiache. Sensa inayopima hewa inayoingia imeshaihesabu hewa hiyo, kwa hiyo mafuta yanazidi: moshi mweusi, plagi nyeusi, wakati mwingine gari linazimika ukikanyaga klachi. Irudishe hewa kwenye bomba la kuingilia turbo, baada ya sensa, kama lilivyotoka kiwandani.